Somo la Redio: Kuishi na Ugonjwa wa Kisukari

Ndugu wanakisomo wa Mbeya na Iringa, sogeeni karibu na redio. Mwalimu wa kikundi awe na chaki mkononi, nanyi muwe na madaftari. Leo tutasoma nambari, lakini si za kuhesabu magunia ya mahindi. Ni nambari zinazoandikwa katika kadi ya mgonjwa wa kisukari.

Pengine mmoja wenu amerudi juzi tu kutoka hospitali, na huko ameambiwa, "Una kisukari." Njiani akawa anajiuliza: nimepataje ugonjwa huu, nami chai yangu hunywa kwa kijiko kimoja tu cha sukari? Swali hilo ni zuri. Basi tuanze hapo.

Sukari ya damu haitoki katika sukari ya dukani peke yake. Ugali, viazi, wali na ndizi za kupika, vyote vikifika tumboni hugeuka kuwa sukari na kuingia katika damu. Nyuma ya tumbo kuna kiungo kiitwacho kongosho. Kongosho hutoa insulini, na insulini ndiyo inayoipitisha sukari kutoka katika damu na kuiingiza mwilini iwe nguvu ya kulimia. Kwa mwenye kisukari, insulini haitoshi, au mwili hauitii. Sukari hubaki katika damu, nyingine ikatoka na mkojo. Ndiyo sababu mtu huona kiu, hukojoa mara nyingi, tena hukonda ingawa anakula.

Huku si kurogwa, wala si aibu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1989 ulionyesha kwamba katika vijiji vilivyopimwa nchini Tanzania, wagonjwa hawakufika mtu 1 katika kila watu wazima 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta watu kama 9 katika kila 100, wenye umri wa miaka 25 hadi 64, sukari yao ikiwa imepanda. Kwa hiyo mwenye kisukari hayuko peke yake, hata katika darasa hili.

Sasa mwalimu aandike ubaoni: 4, na upande wa pili 7. Wagonjwa wengi huambiwa kwamba asubuhi kabla ya kula, sukari yao iwe kati ya nambari hizi mbili. Kipimo chake huitwa milimoli. Jina hilo lisiwasumbue. Daktari aweza kumpa mzee au mama mjamzito nambari nyingine, na huyo afuate yake. Kinachotakiwa ni kwamba uisome kadi yako mwenyewe, usingoje kusomewa.

Tuje kwenye chakula, maana hapa ndipo penye ugomvi nyumbani. Mgonjwa huambiwa na jirani, "Usile ugali kabisa." Mkulima wa Iringa asile ugali, ale nini? Ale, lakini aupunguze. Gawa sahani yako kwa macho: nusu iwe mboga za majani, kama majani ya maboga au mnavu, robo iwe maharage, samaki au nyama, robo iliyobaki ndiyo ya ugali. Dona ni bora kuliko sembe. Ukila viazi, basi viazi vimechukua nafasi ya ugali. Usile vyote viwili kwa pamoja. Ndugu wa Rungwe wana bahati ya parachichi, lenye sukari kidogo sana, ingawa linashibisha. Ndizi mbivu ina sukari nyingi. Kula moja ndogo, si kichana. Soda na chai ya sukari ni za kuacha.

Na ulanzi? Ulanzi uliogemwa leo ni mtamu, kwa hiyo hupandisha sukari. Ukikaa huwa pombe kali, na pombe yaweza kuishusha sukari ghafula kwa mtu anayechoma insulini au kumeza vidonge fulani. Sukari ikishuka chini ya 4, mtu hutetemeka, hutoka jasho, husema maneno yasiyoeleweka, aweza hata kuanguka. Watu kilabuni watasema, "Amelewa, mwacheni alale." Wakimwacha, aweza kufa. Kama anaweza kumeza, mpeni upesi vijiko vidogo 3 vya sukari katika maji, kisha apate chakula. Kama hajitambui, msimmiminie kitu mdomoni, mpelekeni hospitali. Jambo hili humpata pia mtu aliyelima tangu alfajiri bila kula, pombe hajaigusa. Waambieni walio nyumbani mapema.

Sasa miguu. Sukari ikizidi kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na miguu hufa ganzi. Huku kwetu Juni na Julai ni baridi, na kila mtu huota moto jikoni. Mwenye ganzi huweka miguu karibu na mafiga, ngozi ikaungua asisikie. Kidonda huanza kidogo, kikaoza, na mwisho mguu hukatwa. Basi usiote moto kwa miguu; vaa soksi zisizobana. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko. Kung'uta viatu kabla ya kuvivaa. Lala ukiwa umefunika miguu vema, kwani mwaka 2005 madaktari waliandika habari za wagonjwa wa kisukari hapa Tanzania walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini. Nanyi mwajua kwamba nyumba yenye mahindi haikosi panya. Kila jioni tazama nyayo. Usipoziona vizuri, mwite mjukuu akutazamie. Ukiona jeraha, hata dogo, nenda zahanati kesho yake. Macho nayo yapimwe kila mwaka.

Neno moja kuhusu dawa. Mwaka 2011 maelfu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kilichosemwa kuponya kisukari na maradhi mengine. Kisukari hakikuondoka. Mtu akijisikia vizuri baada ya miezi miwili ya vidonge, ni kwa sababu anavimeza. Akiviacha, sukari hupanda tena kimyakimya. Anayechoma insulini asiiache hata siku moja bila kumwuliza daktari. Asiye na jokofu aweke chupa anayoitumia ndani ya mfuko mkavu katika mtungi wa udongo wenye ubaridi, mbali na jua na moto. Ikiganda kwa baridi, itupwe.

Kazi ya juma hili: mwenye kadi aje nayo. Asiye na kadi aandike dalili tatu za sukari iliyoshuka, kisha akamsomee mtu mmoja nyumbani. Sasa zimeni redio, mwalimu aulize maswali.