Shada la dania na ubongo wa mzee

"Daktari, hii inaosha ubongo," mama muuza mboga aliniambia pale Marikiti, mjini Machakos, akinikabidhi shada la dania. Nilicheka, nikalipa. Lakini hakuwa amepotea sana.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, ila mtu akiwa amepumzika hula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Tena umejaa mafuta, na mafuta yakikutana na oksijeni huchacha, kama samli iliyoachwa wazi. Antioksidanti ni kemikali zinazozuia kuchacha huko. Mimea huzitengeneza kwa ajili ya kujilinda yenyewe. Rozimari, ambayo wengi wetu tumeipanda iwe ua wa kupendezesha boma, ina asidi ya kanosiki, na viwanda vya Ulaya hutia dondoo lake kwenye vyakula ili mafuta yasiharibike. Katika maabara, asidi hiyo imeonekana kuamsha kinga ya seli za neva zenyewe.

Maabara, lakini. Kwa miaka mingi Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na jedwali lililopanga vyakula kwa nguvu ya antioksidanti, na viungo vikavu viliongoza. Mwaka 2012 ililiondoa, kwa kuwa kipimo cha ndani ya chupa hakisemi kitakachotokea mwilini, na wauza virutubisho walikuwa wakilitumia vibaya. Jedwali lilihesabu gramu 100, na sijaona nyumba inayokula gramu 100 za viungo vikavu kwa mlo mmoja. Hata kile kidogo tunachokula hubadilishwa na utumbo na ini kabla ya kufika kwenye damu, kisha ubongo nao una kizuizi chake kinachochagua cha kupitisha. Manjano ni mfano mzuri: kiini chake, kukumini, hufyonzwa kwa shida, na wagonjwa wa Alzeima waliopewa kwenye majaribio hawakupata nafuu ya maana.

Basi dania ni ya nini? Mimi naitetea kwa sababu isiyo na mvuto wa kuandikwa kwenye chupa ya vidonge: inaturuhusu kupunguza chumvi. Chumvi nyingi hupandisha presha, na presha ya miaka mingi huharibu mishipa midogo ya ubongo. Ni miongoni mwa visababishi vya kusahau uzeeni vinavyoweza kuzuilika. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani chini ya kijiko cha chai. Ule mlima mdogo wa chumvi kando ya nyama choma, wa kuchovyea, huimaliza hesabu hiyo upesi.

Ukipika muthokoi, tia kijiti cha rozimari mapema, kwani jani lake gumu huvumilia moto. Dania ikatwe sufuria ikishaepuliwa, harufu isipotee. Kisha onja, kabla mkono haujaifikia chumvi.