Samaki anayelea mayai kwa hewa ya kinywani

Kila mtoto wa shule anajua kwamba samaki akitolewa majini hufa. Lakini hebu nenda Gazi katika Kaunti ya Kwale, ama Mida karibu na Watamu, wakati maji yamekupwa, usimame kimya kando ya mikoko. Utamwona samaki mdogo wa rangi ya tope amekaa nchi kavu, amekukodolea macho. Ukipiga hatua moja tu, anaruka kama chura na kutumbukia shimoni.

Wataalamu humwita Periophthalmus argentilineatus. Macho yake yako juu ya kichwa, na yakianza kukauka huyavuta ndani kidogo, akayalowesha, kisha akayatoa tena. Mapezi yake ya mbele ni kama mikono. Huyaegemea na kujikokota topeni akiwinda vijikaa, wadudu na minyoo.

Je, anapumuaje? Anapotoka majini hubaki na maji kidogo kwenye matamvua yake. Isitoshe, hewa hupenya katika ngozi yake na katika utando wa kinywa na koo, mradi tu mwili uwe na unyevu. Ndiyo sababu mara kwa mara utamwona akijigaragaza kwenye kidimbwi. Akikauka, amekwisha.

Nyumba yake ni shimo. Hulichimba kwa kinywa, akibeba tope funda baada ya funda na kulitema nje. Humo hujificha ndege wanapomtafuta, na humo ndimo huzaliana. Lakini hapo ndipo penye taabu: maji yaliyomo shimoni hayana hewa ya kutosha, na mayai yakikaa humo hufa.

Jinsi samaki wa jamii hii wanavyoliepuka janga hilo ni jambo la kustaajabisha. Mnamo 2007, watafiti walieleza habari za ndugu yake mmoja anayeishi Japani. Samaki huyo hujenga chumba kilichoinuka ndani ya shimo, na mayai hubandikwa kwenye dari. Baba ndiye mlezi. Maji yakikupwa, hupanda juu, akajaza hewa kinywani, akateremka na kuiachilia chumbani. Hurudia safari hiyo tena na tena, siku baada ya siku.

Mayai yakikomaa, baba hugeuza kazi. Usiku, maji yanapojaa, huanza kuitoa hewa ile ile aliyoihangaikia, funda kwa funda, hadi maji yakapanda na kuyafunika mayai. Hapo ndipo watoto huanguliwa. Angeitoa mapema, wangekufa, asipoitoa, hawaanguliwi. Nani aliyemfundisha saa?

Msomaji, kiumbe huyu hana mahali pengine pa kwenda. Mikoko ikikatwa ovyo kwa boriti na kuni, kivuli huondoka, tope huchomwa na jua na mawimbi hulibeba. Mafuta nayo yakimwagika huganda juu ya tope na kuziba mashimo. Wakazi wa Mombasa wa makamo wanakumbuka mwaka 1988, mafuta yalipomwagika katika hori ya Makupa na kuangamiza mikoko.

Hata hivyo, matumaini yapo. Huko Gazi, wanakijiji wanatunza hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013. Fedha zinazopatikana kwa kuuza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa na miti hiyo husaidia shule na maji ya kijiji. Samaki wetu hajui habari za fedha hizo, lakini faida anaipata.

Basi safari ijayo ukienda pwani na watoto, usiwapeleke kwenye mchanga mweupe pekee. Wapeleke pia topeni, maji yakikupwa. Waambie wasitie kijiti wala kidole katika lile shimo. Pengine chini yake yuko baba, ameshika zamu.