Mtego wa Bwana Légal

Njooni karibu, batoto ya mtaa wetu wa Katuba, na mlete kile kipande cha katoni. Kichoreni miraba 64 ya sataranji, minane kwa minane. Kama hamna vipande vya mbao, vizibo vya soda vinatosha. Andikeni juu ya kila kimoja: mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi, askari. Nguzo za ubao ni a hadi h, mistari ni 1 hadi 8.

Mtego ninaowafundisha una jina la Légal, mchezaji wa Paris wa karne ya 18, mwalimu wa Philidor, mchezaji aliyesifika Ulaya nzima. Tazameni.

Mweupe anasogeza askari e4, mweusi e5. Farasi mweupe anaingia f3 kumtisha yule askari. Mweusi anamlinda kwa askari wa d6. Askofu mweupe anakuja c4. Askofu mweusi anakuja g4, amkalie farasi: akiondoka tu, malkia aliye nyuma yake analiwa. Farasi mweupe wa pili anatoka c3, na mweusi anasukuma askari g6, hatua isiyomsaidia kitu.

Hapo farasi wa f3 anaondoka! Anakula askari wa e5 na kumwacha malkia wazi. Mweusi anafurahi, anamla malkia. Nani angekataa?

Sasa angalieni f7. Mwanzo wa mchezo, mraba huo hauna mlinzi ila mfalme mwenyewe. Askofu mweupe anakula hapo na kumshambulia mfalme, ambaye hawezi kumla kwa kuwa farasi wa e5 anamlinda. Njia imebaki moja, e7. Akifika, farasi wa pili anaruka d5, na mfalme hana pa kwenda. Tafuteni mraba mmoja wa kukimbilia. Nimewaona wakubwa wakitafuta na kukosa. Malkia, askofu na askari wake mwenyewe wanamzibia njia, na vipande vyeupe vinailinda miraba mingine.

Mweusi angeweza kumla farasi wa e5 badala ya malkia. Angepoteza askari mmoja tu, na mchezo ungeendelea.

Lakini msikimbilie kuutega kila siku. Mrudisheni askari wa g6 mahali pake, na badala yake mweusi awe ametoa farasi c6. Mweupe akirudia ujanja ule ule, farasi huyo anamla mwenzake wa e5, tena anamlinda askofu wa g4. Aliyetega ndiye aliyenaswa. Ndiyo maana sipendi mtoto akariri hatua bila kuuliza kila kipande kinalinda nini.

Sataranji imechezwa pia Katwe, mtaa wa Kampala, ambako Robert Katende alimfundisha Phiona Mutesi, binti aliyeanza kucheza akiwa na miaka 9 hivi. Mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi. Mwaka 2016 maisha yake yakawa filamu. Katwe si tajiri kuliko Katuba.

Haya, pangeni upya. Farasi mweusi yuko c6, askofu wake g4, zamu ni ya mweupe. Kwanza sukumeni askari h3, mumuulize askofu anakwenda wapi. Akirudi h5, je, sasa farasi wa f3 anaweza kuruka? Hesabuni kila jibu la mweusi, kisha mniite.