Bepari, Tajiri na Mfanyabiashara

Tumeletewa swali na mwalimu mmoja wa Olasiti, Arusha. Katika zoezi la tafsiri mwanafunzi wake aliandika, "Bepari alilipa ushuru Namanga," mahali ambapo sentensi ya Kiingereza ilikuwa na neno 'merchant'. Mwalimu akamnyima alama. Kesho yake mtoto akaja na kitabu mkononi: Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyochapwa mwaka 1969. Je, nani ana haki?

Neno hilo Waingereza walilipata kwa Wafaransa, nao humtajia hasa mtu wa biashara kubwa, ya jumla au ya ng'ambo. Sisi tuna 'mfanyabiashara', linalomchukua mwenye meli na mwenye genge la nyanya kwa pamoja. Yapo mengine mawili yaliyokuwa karibu zaidi. 'Tajiri' asili yake ni neno la Kiarabu la mtu wa biashara, lakini kwetu limeelemea upande wa mali. 'Bepari', lililotoka Uhindini, nalo lilikuwa na maana ya mfanyabiashara tu, hata siasa ilipolitwaa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliupinga ubepari waziwazi, na tangu hapo bepari ni mtu anayeishi kwa jasho la wengine.

Miaka miwili baadaye neno hilo likakaa katika jina la mchezo wa Shakespeare, tena kwa wingi, ingawa katika Kiingereza mfanyabiashara anayetajwa ni mmoja, Antonio. (Wengi hudhani ni Shylock, ambaye kwa kweli ni mkopeshaji wa riba.) Kwa maoni yetu wingi huo ni hukumu ya mfasiri juu ya Venisi nzima. Mfasiri wa fasihi anayo ruhusa hiyo; mfasiri wa waraka wa forodha hana.

Sentensi ya Namanga haimhukumu mtu. Imesema alilipa ushuru, basi. Kwa hiyo aandikwe 'mfanyabiashara', na alama isirudishwe. Hata hivyo mtoto aliyejua kutafuta ushahidi hastahili kukaripiwa. Mwalimu amrudishie kitabu chake, amwulize kwa nini Antonio, anayekopesha bila riba, ameingizwa kundi moja na Shylock.