Diski Rahisi Isije Ikakuzikia Daftari la Duka

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la maduka na ofisi nyingi za Mji wa Kale, kuanzia Kibokoni hadi Ndia Kuu, limo ndani ya kompyuta: madeni ya wateja, hesabu za mizigo, nakala za pasipoti za wanaokwenda Umra. Yote yamekaa kwenye kifaa kisichozidi kiganja cha mkono, yaani diski. Ikifa au ikijaa, wengi wetu hukimbilia iliyo rahisi zaidi, hata kama jina lake hatujapata kulisikia.

Sisemi kila diski isiyotoka kwa kampuni iliyounda kompyuta ni mbovu. Kingston na Samsung, kwa mfano, huuza diski za kutiwa kwenye kompyuta za kampuni nyingine, na zina waranti. Ninachokihofia ni kifaa kisicho na mwenyewe.

Hatari ya kwanza ni ukubwa wa uongo. Ndani ya fleshi au diski ya SSD mna chipu inayoiambia kompyuta nafasi iliyopo. Matapeli huichezea, kifaa cha gigabaiti 64 kikajitangaza kuwa terabaiti 2. Ukinakili faili, kompyuta hailalamiki. Nafasi ya kweli ikiisha, data mpya hufuta ya zamani au hupotea kimya kimya. Majina ya faili utayaona, ukiyafungua hamna kitu.

Ya pili ni kilichotumika kuuzwa kama kipya. Mapema mwaka 2025, wanahabari wa Heise wa Ujerumani walifichua diski za Seagate zilizokuwa zimefanya kazi maelfu ya saa, rekodi ya saa hizo ikafutwa, kisha zikauzwa kama mpya. Seagate ilisema si yeye aliyeziuza kwa wafanyabiashara hao. Ikiwa jina kubwa laweza kutumiwa hivyo, basi muuzaji ni wa kuchunguzwa kama bidhaa yenyewe.

Ya tatu ni kukosa wa kumuuliza. Hata kampuni kubwa hukosea. Novemba 2019, HPE ilitangaza kwamba baadhi ya SSD za seva zake zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kazi, kama miaka mitatu na miezi tisa, kwa kosa la programu ya ndani. Lakini ilitangaza, na ikatoa programu ya kulirekebisha. Diski isiyo na mwenyewe ikiwa na kosa kama hilo, nani atakupigia simu?

Juu ya hayo, stima zetu hukatika bila hodi. SSD nyingi za seva huwa na kapasita za kumalizia kuandika data umeme ukizima. Za bei ya chini kwa kawaida hazina.

Hasara haiishii dukani. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka rekodi zihifadhiwe miaka mitano, na KRA haikubali diski iliyokufa kuwa risiti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo yasema taarifa za watu zikifikiwa na asiyehusika, na kukawa na hatari ya madhara, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Kwa hivyo diski mbovu yenye pasipoti za watu usimwachie fundi wala usiitupe nzima nzima. Ivunje.

Basi tufanyeje? Nunua kwa muuzaji anayetoa risiti na waranti ya maandishi. Kabla ya kutia hesabu zako, mwambie fundi aipime kwa H2testw au F3, programu za bure zinazoijaza diski data na kuisoma tena ili kujua ukubwa wake wa kweli. Weka nakala mbili zaidi, moja iwe nje ya duka, na kila mwezi jaribu kuifungua. Tumia UPS.

Na wenzangu wauzaji, dini yetu imekataza ghishi. Kama diski imetumika, mwambie mteja imetumika, na bei iseme hivyo. Mnunuzi naye akumbuke kwamba diski nyingine atapata dukani hata kesho, lakini madeni ya miaka mitano hayana duka yanakouzwa.