Bendera Moja, Vipande Vinne

Msomaji anayejifunza kutengeneza tovuti ameuliza: kwa nini JavaScript, ikiambiwa itenganishe maandishi herufi moja moja, huigeuza emoji ya bendera ya Tanzania kuwa alama nne zisizosomeka?

Amri aliyotumia ni split. Ukiipa alama ya mkato, "Unguja,Pemba,Mafia" inakuwa safu ya majina matatu. Nasema safu, si rundo, kwa sababu kila jina lina namba ya mahali pake, kuanzia sifuri. Hilo halina mengi. Utamu uko kwenye split(""), yenye kitenganishi kitupu, maana hapo ndipo tunapoona maandishi yanavyokaa ndani ya kompyuta.

JavaScript ilizaliwa mwaka 1995, wakati Unicode, orodha ya herufi za dunia nzima, ilikuwa na nafasi 65,536 tu, biti 16 kwa kila herufi. Hazikutosha. Mwaka 1996, toleo la pili la Unicode lilileta ufumbuzi mzuri ajabu: nafasi 2,048 zisizokuwa na herufi zikatengwa, nusu ziitwe za juu, nusu za chini. Yoyote ya juu ikifuatwa na yoyote ya chini, mbili hizo ni herufi moja.

Chukua kabati lenye blauzi 1,024 na sketi 1,024. Nguo ni 2,048, lakini mavazi yanayoweza kupangwa ni 1,048,576! Tena blauzi haivaliwi chini wala sketi juu. Hata ukiishika moja gizani, unajua ni ya wapi na mwenzake atafutwe upande gani. Lakini blauzi peke yake haijawa vazi. Sasa split("") haijali mavazi, inatoa nguo moja moja.

Bendera yetu ni herufi mbili maalumu, T na Z, na kila moja ni jozi ya namna hiyo. Ndiyo hivyo vipande vinne. Array.from, iliyoingia mwaka 2015, haivunji jozi, ila bado itakupa T na Z mbalimbali. Intl.Segmenter ndiyo inayoiacha bendera nzima, na tangu mwaka 2024 Chrome, Safari na Firefox zote zinayo.

Kwa hiyo, popote mtumiaji anapoandika jina au ujumbe wake mwenyewe, tumia Intl.Segmenter, na split uiachie kazi ya mikato.