Meno ya Watoto na Maji ya Volkano

Wasikilizaji wa Karatu na Ngorongoro, mmeona meno ya kahawia, hata ya mtu ayapigaye mswaki kila siku. Huo si uchafu. Nchi hii ni ya volkano, na baadhi ya maji yake yamebeba floridi nyingi itokayo maweni.

Mwili umejengwa kwa chembe hai, ndogo mno, hazionekani ila kwa hadubini; chembe za kazi moja zikishikamana, hufanya tishu. Chembe za mfupa hubomoa na kujenga maisha yote, ndiyo maana mfupa uliovunjika huunga. Lakini chembe zijengazo ganda gumu la nje la jino hufanya kazi jino lingali ufizini. Likiisha kuchomoza, zimekwisha kufa. Floridi ikizidi wakati ule, ganda hutoka na kasoro, wala hakuna fundi aliyebaki wa kulitengeneza.

Hatari hiyo basi ni ya mtoto asiyetimiza miaka 8. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini floridi hakuiondoi: mvuke hupaa, yenyewe hubaki. Baadhi ya magadi huizidisha chunguni. Mwenye bati na akinge maji ya mvua, na wa kwanza kunyweshwa awe mtoto.